Ulinganisho: rolakosta mpya ya kufyatuliwa ya Zhongshan au ya mnyororo ya mtumba kutoka Ujerumani?

Mwenye_Eneo
Wakuu habari zenu. Mimi na wenzangu tunaandaa paki ya burudani ya familia, na tumefika kwenye kile chombo kikubwa ambacho watu watatoka mbali kukifuata. Mezani viko viwili. Cha kwanza ni rolakosta, ile treni ya burudani inayopanda na kuporomoka kwa kasi relini. Ni ya kufyatuliwa, ya kiwanda cha Zhongshan, Guangdong, China, modeli mpya kabisa. Haina mnyororo wa kuivuta juu. Sumaku za relini zinaisukuma mbele, inapanda nusu, inarudi kinyumenyume, inasukumwa tena, na mara ya tatu ndipo inavuka kilele. Cha pili ni ya mnyororo, imetumika Ujerumani, na dalali yuko tayari kuifungua na kuipakia kwenye makontena. Bei hazipishani sana. Profoma ya Wachina inaisha mwisho wa mwezi. Nyie mngechukua ipi?

Fundi_Stima_Tabata
Mkuu, hapo tutapiga ramli. Taja kasi, uzito wa treni ikiwa na watu, treni ni ngapi, eneo liko wapi, na umeme mnaupata wapi. Na kiwanda ni kipi? Zhongshan ina viwanda vingi vya michezo hii.

Mzaramo_Xiaobei
Naishi Guangzhou, Zhongshan ni mwendo mfupi wa treni kutoka hapa. Kama ni Golden Horse, hao ni wakubwa, hisa zao zipo soko la Shenzhen tangu 2018. Kama ni kiwanda kichanga, swali la kwanza ni moja tu: hiyo modeli imeshasimamishwa wapi? Kwa sheria ya China rolakosta iko kundi moja na lifti na boila, vifaa hatari vinavyokaguliwa na serikali kabla abiria wa kwanza hajakaa. Ikiwa inafanya kazi kwenye paki yoyote huku, ujue imepita kwenye chujio hilo. Ikiwa ipo kwenye michoro tu, nyinyi ndio mtakaoijaribia.

Lakini naomba tusiwadharau. Chimelong Paradise ya hapa Guangzhou ilipoanza 2006 ilileta rolakosta za kampuni za Ulaya: ya Intamin yenye mizunguko kumi ya kichwa chini na ya Vekoma ya kukaa kama kwenye pikipiki, kisha 2008 ikaongeza ya kampuni nyingine ya huko, B&M. Wakati ule ukitaka kitu cha maana unakwenda Ulaya. Leo paki za mikoani zinanunua za nyumbani, na nimepanda kadhaa zinazoteleza vizuri mno. Mimi ningechukua ya Zhongshan, mradi nimeiona ikitembea.

Dada_wa_Kisauni
Kabla hamjafika mbali. Tarehe 27 Oktoba 2023, kwenye paki ya Happy Valley ya Shenzhen, China, treni ilifyatuliwa, haikuvuka kilele, ikarudi nyuma na kuigonga treni nyingine. Watu 28 waliumia. Mnyororo una meno ya kuzuia kurudi, tena unayasikia yakigonga hadi juu. Watoto wangu nitawapandisha hiyo.

Mzaramo_Xiaobei
Dada yangu, ile ni ya S&S, kampuni ya Utah, Marekani, na ilikuwa ya hewa iliyoshindiliwa, siyo sumaku. Usiwatwike Wachina mzigo wa wengine. Hata Do-Dodonpa ya Fuji-Q kule Japani ilikuwa S&S ya hewa, kilomita 180 kwa saa. Ilifungwa 2021 baada ya abiria kuripoti kuvunjika mifupa, na 2024 ikatangazwa kwamba hairudi tena.

Dada_wa_Kisauni
Sikutaja nani kaitengeneza. Nimetaja kilichotokea. Chombo cha kufyatuliwa kikipungukiwa nguvu kidogo kinarudi nyuma, awe Mmarekani awe Mchina.

Fundi_Stima_Tabata
Dada amesema kweli na jibu lipo. Za sumaku zilizo nyingi huwa na breki za mapezi zinazoinuka nyuma ya treni ikishapita, ikirudi inashikwa. Na hii ya kwenda mbele na nyuma imeundwa ijirudie kwa makusudi. Kama treni ni moja tu, hakuna ya kugonga. Ndiyo maana nimeuliza treni ni ngapi.

Mwenye_Eneo
Asanteni wote. Treni ni moja, abiria 16. Kasi ya juu kilomita 72 kwa saa. Uzito na watu kama tani sita. Eneo ni upande wa Kigamboni, karibu na bahari. Jina la kiwanda sitaweza kulitaja, tumesaini karatasi ya siri. Umeme tutaongea na TANESCO baadaye.

Fundi_Stima_Tabata
"Baadaye" hiyo ndiyo itakayowaumiza. Tani sita kwenye kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, ni megajuli 1.2. Kwa lugha ya luku ni theluthi ya uniti moja, hela ndogo kabisa. Tatizo ni muda. Ukiitoa yote kwa msukumo mmoja wa sekunde tatu, wastani ni kilowati 400, na mwisho wa msukumo unahitaji kama 800, hapo hujahesabu upotevu wowote. Sasa chukua mnyororo: kuipandisha treni hiyohiyo mita 20 kwa nusu dakika ni kilowati 40 tu. Nishati karibu ileile, ila mmoja anakunywa kwa kijiko na mwingine anabugia ndoo nzima.

Modeli yenu inagawanya msukumo mara tatu, hilo linapunguza makali, na ni jambo zuri. Bado majirani wataona taa zikififia kama hakuna hifadhi ya katikati. Ile rolakosta ya Hulk ya paki ya Islands of Adventure, Orlando, Marekani, ilipofunguliwa 1999 ilitumia magurudumu mazito yanayoongezewa mwendo kidogo kidogo kisha yanaachia nguvu kwa mkupuo, kwa sababu hiyohiyo ya kutoutikisa umeme wa mtaa. Siku hizi wengi wanaweka kapasita kubwa, vifaa vya kuhifadhi umeme na kuuachia kwa mkupuo. Waulize Wachina: kapasita zimo kwenye bei, au zinauzwa kando?

Spana_17
Mimi nimefanya matengenezo kwenye paki moja ya Ghuba. Sitaitaja, wala mtengenezaji wa chombo sitamtaja, hata nchi yake. Kilikuwa cha kufyatuliwa na sisi tulikuwa wanunuzi wa kwanza wa modeli ile. Mwanzo kilikwenda vizuri, watu wakajaa. Kiangazi kilipokaza, kompyuta ikaanza kukataa kufyatua, kwa kuwa sensa mbili za kusoma mwendo zilikuwa zinapishana. Kusimama ni sahihi, ndivyo chombo salama kinavyotakiwa kufanya. Lakini nywila ya kuingia ndani kuona kosa hasa ni nini ilibaki kiwandani. Tunapiga picha ya skrini, tunatuma, tunasubiri huko kwao pakuche. Wakijibu, jibu linakuja na kitabu ambacho hakuna kati yetu anayeweza kukisoma.

Halafu magurudumu. Utando wa poliyurethani, aina ya plastiki ngumu, ulianza kubanduka kwa joto, na kipimo chake kilikuwa cha modeli ile tu, hakuna duka duniani lenye spea isipokuwa kiwanda chenyewe, na kiwanda kilikuwa kinayatengeneza kwa oda. Chombo kilikaa kimefunikwa turubai huku tangazo lake liko barabarani. Tunarudisha hela za tiketi, watoto wanalia getini. Siku moja mkubwa wa zamu akatuambia turuke ile sensa kwa waya ili kitembee sikukuu ipite. Mimi na mwenzangu Mfilipino tukakataa, tukaandika kwa mkono kwenye daftari la zamu kwamba tumekataa. Mwenzangu hakuongezewa mkataba.

Kwa hiyo, ndugu Mwenye_Eneo, kabla ya kuuliza bei, uliza: nywila zote tunakabidhiwa? Spea za mwaka mzima zinakuja na kontena? Nani atakuja Dar, baada ya muda gani, kwa gharama ya nani? Yote yawemo kwenye mkataba. Na usipumbazwe na cheti cha ISO 9001. Hicho kinahusu utaratibu wa kiwanda. Dai hesabu za chombo chenyewe zilizopitiwa na mkaguzi wa nje kwa EN 13814 au ISO 17842, viwango vya usalama wa michezo ya paki.

Mzaramo_Xiaobei
Pole sana mkuu. Ila hilo la kuwa wa kwanza halina utaifa. Zamperla wa Italia wanatengeneza michezo ya familia miaka nenda rudi. Walipoingia kwenye ile rolakosta kubwa ya paki ya Cedar Point, Marekani, iitwayo Top Thrill 2, ilifunguliwa Mei 2024, ikafungwa baada ya kama wiki moja, na msimu wote ukapita mabehewa yakifanyiwa marekebisho. Ilirudi 2025.

Spana_17
Ndiyo. Lakini Cedar Point wana rolakosta nyingine lukuki za kuuza tiketi wakati ile moja imelala. Huyu ndugu ana moja.

Mwana_wa_Ng'ambo_Muscat
Assalaam alaykum jamaa. Mimi nimepanda rolakosta ya Formula Rossa pale Yas, Abu Dhabi, kilomita 240 kwa saa, wanakuvalisha miwani kwa ajili ya mchanga. Tangu siku hiyo hizi za mnyororo naona usingizi. Mwenye_Eneo, chukua ya kufyatuliwa, watu watakuja hata kutoka Unguja kwa boti.

Dada_wa_Kisauni
Hiyo inasukumwa kwa haidroliki na ina utajiri wa Abu Dhabi nyuma yake, kaka. Tusilinganishe.

Mwana_wa_Ng'ambo_Muscat
Basi paki ya IMG ya Dubai, ile rolakosta ya Velociraptor ya kampuni ya Mack, kilomita 100, sumaku. Na jua ni lilelile.

Baba_Mjenzi_Tanga
Mbona mmeisahau bahari? Chumvi haichagui Mjerumani wala Mchina. Chuma kiwe kimechovywa kwenye zinki, siyo rangi tu, na ekseli zipimwe nyufa kila mwaka. Kwa hiyo ya mtumba, vyombo vya maonesho ya kuhamahama Ujerumani vina kitabu cha ukaguzi chenye kila marekebisho. Dalali akisema kitabu kimepotea, mwache na chuma chake. Na treni moja ya watu 16 ikizunguka kila dakika tatu ni watu 320 kwa saa, hapo kila mtu amefunga mkanda upesi. Idd na Krismasi mtaweza?

Kijana_Mbagala
Kwani lazima rolakosta? Anzeni na gurudumu kubwa la kutazama bahari. Familia nzima inapanda hadi bibi.

Fundi_Stima_Tabata
Gurudumu kubwa nalo lina habari ya upepo, kijana, fungua uzi wake.

Kijana_Mbagala
Nafungua leo. Nina picha za lile la Dubai, nani anajua linavyosimamishwa?

Mwenye_Eneo
Nimewatumia Zhongshan maswali ya Spana na Fundi. Wamejibu la kapasita tu: zinauzwa kando. Kuhusu chombo kinachotembea, wamesema kipo kimoja kinakaribia kukamilika ndani ya China, mkoa hawakuutaja. Dalali wa Ujerumani ameahidi kitabu cha ukaguzi wiki ijayo. Mzaramo, wakinipa anwani utaweza kwenda kukiangalia?

Mzaramo_Xiaobei
Nitakwenda. Nitumie jina la kiwanda faragha, na kama hukatazwi na ile karatasi, niunganishe na anayeshughulikia mauzo. Nitakaa pale getini niihesabu inavyofyatuliwa na inavyokataa.