Wakuu, unashikaje kazi moja mpaka iishe wakati bosi anazitaka zote leo?

Mlinganisha_Hesabu
Habari za muda huu wakuu. Naombeni mawazo hasa kwa mnaofanya kazi za ofisini. Mimi niko uhasibu, huu mwaka wa tatu, na siku zote nilijihesabu kuwa mtu wa kufanya mambo mengi kwa mpigo, hata kwenye usaili nilijisifia hivohivo. Saa yoyote ukija mezani kwangu utakuta nimefungua hesabu za mwezi, barua pepe, kundi la WhatsApp la ofisi na fomu za malipo, vyote kwa pamoja, narukaruka tu humo.

Wiki iliyopita nilikuwa nalinganisha taarifa ya benki na vitabu vyetu, mstari kwa mstari, kidole kipo kwenye kioo kabisa. Nimefika mstari wa 214 meseji ikaingia, mtu anaulizia namba ya ankara, kitu cha dakika moja. Nikamtafutia, nikamjibu, nikarudi nikaendelea na mstari wa 241. Yaani mistari 27 niliiruka na sikujua chochote mpaka jioni hesabu zilipogoma kulingana, nikakaa mpaka saa mbili usiku naitafuta ile tofauti. Kilichoniuma zaidi ni kwamba siku nzima sikupumzika hata dakika tano na bado hakuna hata kimoja ambacho ningeweza kusema hiki hapa nimemaliza.

Nataka nibadilike, niwe na kazi moja kubwa ya siku, nikiimaliza ndo nishike nyingine. Shida ni bosi, kwake kila kitu cha haraka, nikikaa nusu saa sijajibu meseji anakuja mwenyewe kusimama mezani. Kuna aliyeweza hili bila kuonekana mvivu au jeuri? Na pia niambieni ukweli, kuna watu wameumbwa kufanya mawili matatu kwa wakati mmoja, labda mwenye tatizo ni mimi?

Kalamu_Nyeusi
Pole sana mkuu. Nianze na hilo swali la mwisho maana naona ndo linalokutesa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Jason Watson na David Strayer, waliwaweka watu 200 kwenye mashine ya kuigiza udereva, wanaendesha huku wanaongea kwenye simu, wanakariri maneno na kufanya hesabu za kichwa. Karibu wote walishuka, breki zikachelewa na maneno yakasahaulika. Walioweza vyote bila kushuka ni asilimia 2.5, yaani watu watano kati ya hao 200. Kwa hiyo hao waliojaliwa wapo, ila ni wachache mno, na huwezi kupanga maisha yako ya kazi kana kwamba na wewe ni mmoja wao.

Hata hilo neno multitasking, yaani kufanya mengi kwa mpigo, limetoka kwenye kompyuta, lilianza kutumika miaka ya 1960. Na kompyuta yenye kiini kimoja tu cha kuchakata nayo haifanyi mawili kwa pamoja, inashika hili, inaliacha, inashika lile, kwa kasi ambayo wewe huioni. Tofauti yetu na yenyewe ni kwamba kabla haijahama inahifadhi mahali ilipoishia kwa usahihi kabisa, sisi hatuhifadhi. Ndo maana 214 yako imegeuka 241.

Kuna mtafiti anaitwa Sophie Leroy, mwaka 2009 alionyesha kwamba ukiiacha kazi kabla haijaisha ukahamia nyingine, sehemu ya akili inabaki kulekule ulikotoka, na hiyo kazi mpya unaifanya kwa akili iliyopungua. Baadaye, 2018, yeye na Theresa Glomb wakajaribu kitu kidogo ambacho mimi nakitumia kila siku: ukikatizwa, kabla hujamjibu mtu chukua dakika moja uandike umeishia wapi na ukirudi utaanza na nini. Waliofanya hivyo walihama kwa akili iliyotulia zaidi. Weka kikaratasi pembeni ya kibodi, meseji ikiingia andika "214, benki, bado kukagua" ndo uende kwenye hiyo ankara.

Halafu hilo la kuchoka bila kumaliza, mtafiti Gloria Mark na wenzake mwaka 2008 waliwapima watu wanaokatizwa wakifanya kazi ya ofisini ya kuigiza, wakakuta wanamaliza hata kwa kasi zaidi, kwa sababu wanajikimbiza kufidia muda, ila wanalipa kwa msongo na hasira. Hiyo ndo siku yako uliyoieleza.

Nesi_wa_Zamu
Naomba nichangie kutoka wodini maana kwetu kukatizwa siyo suala la hesabu kugoma. Nilikuwa napanga dawa za mgonjwa kwenye trei, nimeshavuta sindano ya kwanza, ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha pili akaniuliza daktari anapita saa ngapi. Nikageuka nikamjibu vizuri tu kwa heshima. Niliporudi kwenye trei mkono ulikuwa umeshaenda kwenye kichupa cha jirani, vinafanana urefu na rangi ya kifuniko, nikasoma lebo ile mara ya mwisho kabla ya kuvuta ndo nikashtuka. Mgonjwa hakudhurika, ila ile baridi iliyonishika mgongoni naikumbuka mpaka leo.

Kuna hospitali wanamvalisha nesi anayegawa dawa kizibao cha rangi kali chenye maandishi kwamba asisemeshwe, na wazo lenyewe limetoka kwa marubani. Mwaka 1974 ndege ilianguka ikikaribia kutua Charlotte, Marekani, kwenye ukungu, wakafa watu zaidi ya 70, na walipoisikiliza rekodi ya chumba cha rubani wakakuta wamekuwa wanapiga stori za siasa na magari huku ndege inashuka chini ya kimo ilichotakiwa kuwa. Kufikia 1981 ikawekwa sheria, chini ya futi 10,000 hakuna maongezi wala kazi yoyote isiyohusu usalama wa ndege. Juu huko wanaongea watakavyo. Nimelipenda hilo kwa sababu hawakusema rubani akae kimya safari nzima, walichagua zile dakika ambazo kosa halirudishiki wakazilinda.

Kwa hiyo kaka (au dada, nisamehe kama nimekosea), usiombe siku nzima ya ukimya, hutapewa. Tafuta futi 10,000 zako, yaani ile saa moja au mbili ya kulinganisha benki, uilinde hiyo kwanza.

Dawati_la_Mbele
Nyie mna bahati mnaongelea saa nzima. Sisi wa mapokezi simu inalia huku mteja kasimama na mwingine anajaza fomu anauliza hapa niandike nini. Kwangu kilichosaidia ni kimoja tu, mteja aliye mbele yangu namaliza naye kwanza, wa kwenye simu namwomba asubiri au namwandika nampigia. Zamani nilikuwa najaribu kuwahudumia wote watatu kwa pamoja na wote watatu walikuwa wanaondoka wamenuna.

Msimamizi_Mkongwe
Mimi niko upande wa mabosi kwa hiyo nivumilieni. Bosi anayekuja kusimama mezani mara nyingi hana shida na kasi yako, ana shida ya kutojua. Na yeye kuna mtu juu yake anamuuliza, hana jibu, anakuja kwako. Kijana wangu mmoja alinitibu ugonjwa huo kwa sentensi moja ya asubuhi: "Bosi, leo nashika hii, saa sita utaipata, hizi mbili nyingine zinafuata kesho, kama unataka nipindue mpangilio niambie sasa hivi." Sikumfuata tena mezani, ya nini wakati najua saa sita inakuja.

Lakini usiende kumwambia "siwezi yote". Hiyo sentensi inaumiza masikio ya bosi hata kama ni kweli. Nenda na orodha umuulize ipi itangulie. Kipaumbele maana yake ni kile kilichopewa mbele, sasa vikiwa kumi na vyote viko mbele, hapo hakuna kilichopewa kitu. Ni kazi ya bosi kuchagua na akikataa kuchagua anakuwa amekuachia wewe uchague, mwambie hivyo kwa adabu.

Hapohapo nisiwe mnafiki, ziko kazi ambazo kuchanganya hakuna madhara. Kupanga mafaili huku unasikiliza kikao cha simu sioni shida. Ila kuandika barua ya mteja huku unasikiliza kikao, zote mbili ni za maneno, zinagombania mlango mmoja, na kimoja lazima kitabaki nje.

Mlinganisha_Hesabu
Asanteni sana wote, nimesoma kila mstari (safari hii bila kuruka). Nesi pole kwa hilo la kichupa, limenitisha kweli. Na mimi ni kaka, hujakosea.

Leo asubuhi nimefanya kama alivosema Msimamizi. Nimeandika kazi tatu kwenye karatasi, hesabu za mwezi, malipo ya wasambazaji na ripoti ya matumizi, nikampelekea bosi nikamuuliza ipi itangulie. Alikaa kimya kama dakika nzima akiiangalia ile karatasi, akachora duara kwenye malipo. Mimi ningeapa angechagua hesabu za mwezi, wiki mbili zote najiua na hizo hesabu kumbe aliyekuwa anampigia simu kila siku ni msambazaji.

Malipo yameisha saa saba kasoro. Hesabu za mwezi nimeomba kesho saa tatu mpaka saa tano, simu ya mezani ataishika mwenzangu na mimi nitashika yake mchana akiwa na ripoti zake. Bosi kakubali, ila kasema anajaribu kwa wiki moja kwanza. Kikaratasi cha Kalamu nimeshakibandika pembeni ya kibodi.