Niko Dammam, jina langu liko Kisauni: 2027 nitapigia kura wapi?

Mwana wa Mtopanga

Hamjambo ndugu zangu. Kwetu ni Mtopanga, Kisauni, na sasa niko Dammam, Saudia, kazi za nyumbani. Nimeongeza mkataba, kwa hivyo siku ya uchaguzi, Agosti 10, 2027, huenda ikanikuta huku huku. Niliandikishwa kwa kitambulisho katika shule iliyo karibu na nyumbani, nikapiga kura 2017 na 2022.

Nataka kujua Mkenya aliye Saudia anapigia wapi. 2022 Doha na Dubai walikuwa na vituo, sisi hatukuwa nacho. Wenzangu ninaokutana nao Ijumaa kila mmoja ana lake. Mmoja asema unaingia ubalozini na pasipoti siku yenyewe na unapiga. Mwingine asema nikikosa mara moja jina langu la Kisauni linafutwa. Pasipoti anayo bosi tangu nilipofika. Kitambulisho kiko kwa mama.

Msinijibu kwamba siasa niwaachie walioko nyumbani. Walioko nyumbani wana MCA (diwani wao), wana mbunge, wana gavana wa kumlilia. Mimi huku nina serikali ya Nairobi peke yake: ndiyo inayokubaliana na Saudia kuhusu kazi zetu, ndiyo inayowapa maajenti leseni, ndiyo yenye ubalozi Riyadh ninaoupigia simu mambo yakiharibika. Kama kuna Mkenya ambaye rais anamhusu, ni yule aliyefungiwa ndani ya nyumba ya mtu nchi ya watu.

Fundi wa Likoni, Doha

Dada Mwana, pole na kazi. Nilipiga kura hapa ubalozini 2022, nakwambia niliyoyaona.

Hilo la kuingia na pasipoti siku ile ile, mwenzako asilitegemee. Jina lazima liwe kwenye sajili ya kituo hicho. Dirisha la kutuandikisha lilifunguliwa mwanzoni mwa 2022, muda mfupi tu, na vijana wengi wa kambi yetu ya wafanyakazi lilifungwa wakiwa zamu. Wakaja Agosti na pasipoti zao mkononi, wakarudishwa. Iliniuma sana, maana walikuwa wamekatwa mshahara wa siku ili waje.

Siku ya kura unaweka kidole kwenye KIEMS, mashine ya kutambua wapiga kura, ikikutambua unapewa karatasi moja, ya rais. Nyumbani ungepewa sita. Sisi wa nje hatuna gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake wala MCA. Lakini hesabu ilifanywa pale pale mbele ya mawakala, na fomu 34A, yaani ya matokeo ya rais, ya kituo chetu ikapandishwa kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi pamoja na za vituo vingine vyote, zaidi ya 46,000. Niliifungua kwa simu nikaona namba ni zile zile zilizosomwa ubalozini.

Jina halifutwi kwa sababu hukupiga kura. Ila usikubali mtu akuandikishe upya huko, kwa kuwa kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Ukitaka kituo cha nje unaomba uhamisho, na unaomba wewe mwenyewe, mama hawezi kukufanyia. Ukishahamishwa, Mtopanga hupigi tena. Lipime hilo vizuri, hasa kama likizo yako yaweza kuangukia Agosti.

Kuhusu Saudia: kifungu cha 82 cha Katiba kinasema haki yetu itatekelezwa hatua kwa hatua, na hatua zenyewe tumeziona. 2013 vituo vilikuwa Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. 2017 ikaongezwa Afrika Kusini. 2022 nchi zikafika 12, na kipimo kilikuwa nchi yenye ubalozi na Wakenya wasiopungua 3,000. Saudia haikuwemo, na nyinyi mlioko huko mwajua mko wangapi. Kwa hivyo kila mmoja wenu ajisajili ubalozini sasa, asingoje uchaguzi. Sisi wa kambini ni rahisi kuonekana, ila mtu aliye peke yake jikoni kwa watu asipojitaja hakuna atakayemhesabu.

Na pasipoti idai. Sheria ya Saudia yenyewe inamkataza mwajiri kukaa nayo.

Baba Njeri, Dallas

Mimi nilikata tamaa. 2022 Marekani ilipewa Washington, New York na Los Angeles. Texas, pamoja na Wakenya wote hawa, hakuna kitu. Nipande ndege na kulala hoteli kwa sababu ya karatasi moja? Nchi zote 12 zilitoa wapiga kura elfu 10 na kidogo, katika sajili ya watu milioni 22.

Bi Asha, Muscat

Mimi ni Mtanzania, nipo Oman. Sisi Oktoba 29, 2025 hatukuwa na kituo nje ya nchi hata kimoja. Kura ni kwenye kituo ulichojiandikisha nyumbani, na asiye na nauli anakaa. Baba Njeri, hizo elfu 10 unazozidharau sisi tunazitamani.

Mwana wa Mtopanga

Fundi, Mungu akuweke. Nimewasomea wenzangu jibu lako lote kwa simu.

Baba Njeri, nakuelewa, lakini elfu 10 ni hesabu ya waliopewa mlango wa kuingilia. Mimi na wewe hatumo. 2022 mshindi alimpita mwenzake kwa kura 233,211. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na hakuna aliyetuuliza kama tuko mji wenye kituo au hapana. Pesa zetu zinafika kutoka kila pembe, kura nazo zitafutiwe njia.

Nimeamua jina libaki Kisauni. Nikiongeza mkataba tena nitataka likizo iandikwe Agosti 2027 na tiketi iwe ndani yake, na nipate karatasi zote sita. Kitambulisho basi kikae huko huko kwa mama.

Ila mwenzangu mmoja hana likizo mpaka 2028, na kuna wengine kama yeye. Ijumaa tunaanza kukusanya majina ya kupeleka ubalozini, tuombe kituo Riyadh na kingine Jeddah, kwa sababu toka Jeddah hadi Riyadh ni karibu kilomita elfu moja na hakuna bosi atakayekupa ruhusa ya safari hiyo. Natafuta mtu anayejua kuandika barua rasmi kwa tume atusaidie. Aniandikie pembeni, usiku baada ya saa tano ndipo nashika simu.

Fundi wa Likoni, Doha

Barua niachie mimi. Nitumie majina na miji, si namba za pasipoti.