Eti fundi ananiuliza "sasa planta uliinyanyua ya nini?"

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, huyu bwana ndo kwanza ametoka hapa na vumbi la gari lake halijatulia. Simtaji jina, mnamjua wote humu, yule wa "ondoa shaka bosi", yule anayepiga picha kazi kabla hajaimaliza.

Kanifungia kwenye trekta mfumo mzima wa kunyoosha mistari, antena ya GPS juu ya paa, skrini kebini, kebo ya ISOBUS (ile ya kuunganisha skrini na mashine ya nyuma) mpaka kwenye planta, mashine yangu ya kupandia. Leo naingia shambani, mstari wa kwanza umenyooka mpaka raha, nafika mwisho nataka kugeuza, nanyanyua planta, PAAA! Skrini kimya. Nashuka, naikuta soketi ya nyuma imeng'oka na bati lake inaning'inia, pini mbili zimepinda na waya wa kijani umechomoka kabisa. Kumbe kebo kaikaza kwa kebo tai kwenye mkono wa haidroliki, imevutika kama uzi wa gitaa, akiba hakuna hata ya kidole.

Namwita. Anakuja. Anaizunguka trekta, anakuna kidevu, ananigeukia mbele ya dereva wangu: "Sasa planta uliinyanyua ya nini?"

YA NINI??? Nigeuze nayo ikiwa chini nipande mahindi mpaka barabarani? Nikamwambia rudia, akarudia! Tena kwa upole, ananionea huruma! Skrini kaiweka katikati ya kioo sioni tairi la mbele, nikanyamaza. Fyuzi kaificha nyuma ya kiti kuifikia mpaka uvunje mgongo, nikanyamaza. Lakini uliinyanyua ya nini?! Dereva wangu tangu saa ile akiniona anageuka pembeni anacheka.

Mzee_wa_Tuta: Mkuu tusikurupuke, hujajibu swali. Uliinyanyua ya nini? 😂😂

binti_shamba: Hahahaa ungeiomba ruhusa kwanza

WayaMbili: Hiyo soketi ya pini 9 ya nyuma imetengenezwa iachie yenyewe ikivutwa, iweje ing'oke na bati?

Mleta uzi: Kaifunga na waya wa kufungia nondo mkuu. Eti "isichomoke chomoke". Halafu ndo anauliza niliinyanyua ya nini

WayaMbili: 🤦 Kebo ya nyuma unanyanyua planta mpaka mwisho, unakata kona kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, unaona inavutika wapi, NDIO unakaza. Na ikae mbali na shafti ya PTO, ile inayotoka nyuma ya trekta kuzungusha mashine, mizunguko 540 kwa dakika ikidaka waya inakwenda na mfumo wote.

Kijana_wa_Plau: Wewe yako si imekatika ukajua. Mimi huyo huyo kafunga antena pembeni ya katikati ya trekta sentimita 20, kwenye skrini kipimo hicho kaacha sifuri. Nimelipia RTK, ile huduma ya kusahihisha GPS, ya sentimita mbili mbili, nikienda na kurudi pasi hii inabanwa sentimita 40 inayofuata inaachwa sentimita 40. Majirani wanauliza ni mbegu gani hiyo inaota kwa kuruka. Nikampigia, eti "ndo maana kuna palizi".

binti_shamba: "Ndo maana kuna palizi" nimekufa mie

Mzee_wa_Tuta: Sisi tulipanda kwa kamba na vigingi na tulishiba. Mnajitakia.

Mleta uzi: Mzee kamba yako ukiinyanyua kuna mtu anakuuliza ya nini?

Sprea_Boi: Afadhali nyie. Mimi kila nikipiga stata skrini inazima inaanza upya, nikirudi mistari yote niliyosevu haipo. Kachukua umeme kwenye waya wa redio.

Kijana_wa_Plau: Vuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, fyuzi karibu na betri, kwisha habari.

Dereva_Mstaafu: Usimdanganye mwenzio, moja kwa moja halafu akisahau kuzima asubuhi anakuta betri imekufa anasukuma trekta na familia nzima.

Kijana_wa_Plau: Asisahau sasa

Dereva_Mstaafu: Wewe ndo umefundishwa na yule bwana nini?

WayaMbili: RILEI jamani. Umeme mkubwa utoke kwenye betri, waya mwembamba wa swichi ndo uiamshe rilei. Ukizima ufunguo na skrini inazima. Mnagombana bure.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada, huyu mtu kasema atarudi kesho na nataka nijue nimwambie nini, maana alivyoniuliza lile swali

Sprea_Boi: Rilei ya ampea ngapi mkuu?

WayaMbili: Inategemea una sprea ya seksheni ngapi, valvu zinakula umeme. Tupia picha.