Eti "dereva, wageni wengine wako wapi?" NIMELIPIA CHUMBA KWA HELA YANGU!!

ZabibuChungu:
Wakuu habari za usiku, za kwangu sio nzuri msiniulize. Naandika uzi huu nikiwa juu ya kitanda chao cha nakshi, neti imefungwa mafundo ya urembo, bahari inavuma hapo nje, kila kitu safi, na usingizi hauji kwa hasira. Hoteli yenyewe sina haja ya kuitaja, mnaijua, ile ya vyumba vichache huku ufukweni Pangani ambayo kila mtu wa Dodoma akishika hela kidogo anakuja kupigia picha halafu anaandika Mungu ni mwema.

Nimetoka Dodoma usiku wa manane na mama watoto, naendesha mwenyewe. Kibaigwa, Gairo, Morogoro, Chalinze, Segera, kila kijiji hamsini hamsini kwa kuogopa tochi, mguu wa kulia umekufa ganzi. Muheza tukanunua machungwa, Tanga mjini tukanywa chai, ndo tukashika ile lami ya kwenda Pangani. Hapo niseme ukweli, barabara ile ni tamu jamani. Mkonge upande huu, minazi upande ule, ukipita Tongoni kwenye yale magofu na ukikaribia Kigombe bahari inaanza kukuchungulia katikati ya miti, mtu uliyezoea vumbi na mibuyu unaweza ukalia. Mie nililia kidogo. Nikasema kimoyomoyo leo huyu mwanamke atajua ameolewa na nani.

Tukafika. Nikashuka, nikazunguka nikamfungulia mlango (nilishaamua leo nakuwa mwanaume wa kwenye tamthilia), nikabeba mabegi yote, lake na langu na lile la viatu vyake. Dada wa mapokezi katoka meno yote nje, sinia mkononi, juu ya sinia madafu mawili na vitaulo vya baridi. Akampa mke wangu dafu. Akampa kitaulo. "Karibu sana mama, pole na safari." Halafu akanigeukia mimi. Dafu la pili liko pale pale kwenye sinia. Akaniambia:

"Dereva, wageni wengine wako wapi? Wewe chumba chako kipo nyuma kule, karibu na jenereta."

DEREVA.

Wakuu, lile dafu la pili lilikuwa la mume. Mume mwenyewe ndo mimi! Amesimama na dafu langu mkononi ananiuliza mimi niko wapi!

Na huyu niliyemtoa Dodoma nikimfungia dirisha asipigwe na vumbi, mke wangu wa ndoa, unajua alisema nini? "Mwache kwanza apumzike dada, ametoka mbali."

Nikasema dada mimi ndo mume. Akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, halafu akamtazama mke wangu akisubiri athibitishe. ATHIBITISHE. Na mke wangu akachelewa kujibu kwa makusudi, anacheka mpaka ameshika nguzo.

Sijamaliza. Chakula cha usiku, sahani upana wa ungo, katikati kipande cha samaki ambacho paka wetu wa Nkuhungu angekikataa, pembeni wamepaka mchuzi kwa brashi. Bei kwenye menyu kwa dola. Nikayameza yote hayo. Anakuja kaka mwingine kabisa, sijawahi kumuona, anamwinamia mke wangu anauliza, "Mama, dereva wako naye anakula hapa hapa?" Kumbe hoteli nzima imeshaambiana!!

Nimelipa hela ambayo pale mnada wa Msalato ningerudi na mbuzi nyuma ya gari wanalia. Halafu dereva.

Kibaigwa Gunia:
Nimekaa paleee siti ya mbele na karanga zangu. Mleta mada swali moja tu, miguuni ulivaa nini?

ZabibuChungu:
Kandambili. Nimeendesha tangu usiku, ulitaka nivae moka?

Bibi Mlenda:
Hahahahaha kandambili, mabegi yote, na umemfungulia mama mlango. Mwanangu hata mimi bibi yako ningekuuliza gari linarudi lini.

Mtoto wa Area D:
Gari gani mkuu

ZabibuChungu:
Noah. Gari inahusiana nini na mada?

Mtoto wa Area D:
Nyeupe?

ZabibuChungu:
...ndiyo

Mtoto wa Area D:
Mods fungeni uzi.

Kibaigwa Gunia:
😂😂😂 Noah nyeupe, mama kakaa siti ya nyuma au ya mbele? Sema ukweli.

ZabibuChungu:
Alikaa nyuma kuanzia Muheza ili anyooshe miguu. Nyie watu mna matatizo.

Mpare Mbahili:
Alikaa nyuma 😭😭 Nimeamsha nyumba nzima. Huyu dada wa mapokezi apandishwe cheo.

Mdigo Asili:
Ngoja niwatetee watu wa kwetu kidogo. Huku mwaka mzima gari inayoingia hotelini ina mtalii nyuma na dereva Mbongo mbele, huyo binti macho yake yamezoea hivyo. Mtanzania kuja na mkewe kula raha tu, bila semina, bila harusi, bila msiba, si wengi. Na wewe nawe ungesalimia vizuri ukajitambulisha, Tanga ni ya wastaarabu. Waja leo waondoka leo.

ZabibuChungu:
Naondoka kesho asubuhi mapema. Na usinitetee binti wa watu, mzungu akija na kandambili hizi hizi na kaptula imechanika makalioni anapewa dafu kabla hajazima gari. Mie nilikuwa na shati limepigwa pasi!! Lenye maua! Nilinunua kwa ajili ya safari hii!

Bibi Mlenda:
Shati la maua ndo limekumaliza kabisa mjukuu wangu, hiyo ni yunifomu yao.

Mjumbe Nyumba Kumi:
Tuache utani. Kwenye hiyo menyu ya dola hapo mleta mada una hoja, tangu Machi 2025 zipo kanuni, bidhaa na huduma ndani ya nchi zinatajwa bei kwa shilingi na kulipwa kwa shilingi. Ungeomba menyu ya shilingi na ungepewa. Hili ndo la kupigania.

ZabibuChungu:
Mkuu dola nimesamehe. Samaki nimesamehe. Nimesema DEREVA, mbele ya mke wangu, na dafu langu analo mkononi.

Mdigo Asili:
Ila ukiwa hapo usilale tu na hasira. Tembea mjini, mji una historia huo. Bushiri bin Salim aliyewasumbua Wajerumani 1888 walimnyongea hapo hapo Pangani, Desemba 1889. Halafu ukipata mashua maji yakitoka nenda kisiwa cha Maziwe, mchanga mtupu katikati ya bahari.

ZabibuChungu:
Bushiri kapigana na Mjerumani mwenye mizinga ili leo Mbongo mwenzangu anipeleke karibu na jenereta.

Mpare Mbahili:
Sasa Bushiri kaingiaje kwenye kandambili zako jamani

Mpangaji Sugu:
Mleta mada wewe unalia ukiwa kwenye neti ya maua. Kuna loji moja hapa hapa Dodoma, mnaijua, ile yenye geti la bluu, ukifika msimu wa Bunge la bajeti kuanzia Aprili wale wanakuwa vichaa. Mdogo wangu alikuja kwenye usaili, kalipia chumba kabisa, saa nne usiku wanamgongea eti kuna mheshimiwa kaja ghafla tunaomba ukalale kwenye kile kingine. Kile kingine ni stoo ya mashuka! Kalala juu ya mashuka ya watu, na asubuhi wakamwambia chai haimo kwenye bei ya stoo. BEI YA STOO.

Kibaigwa Gunia:
Hahaha geti la bluu naijua, mto wao una harufu ya mtu mwingine.

Mtoto wa Area D:
Naijua mie. Bafuni ndoo na kopo, ukutani wamebandika karatasi "tafadhali oga haraka".

ZabibuChungu:
Anzisheni uzi wenu wa stoo. Hapa tunazungumzia dereva.

Lori la Mchanga:
Samahani naingilia. Mimi ni dereva kweli kweli, nabeba wageni, Mikumi, Saadani, huko Pangani nafika sana. Kwani dereva ni tusi? Toka juu mpaka chini mtu analia kaitwa dereva utadhani kaitwa mwizi. Na hicho chumba cha karibu na jenereta mnachokicheka ndo nalala mimi, na nalala vizuri tu.

ZabibuChungu:
Mkuu sijasema ni tusi. Ninachosema mie nimelipia chumba cha mbele.

Lori la Mchanga:
Basi ungeenda huko nyuma uone. Chakula cha madereva kinapikwa na mama wa hapo hapo kijijini, wali, samaki mzima kichwa mpaka mkia, mchuzi wa nazi, ukimaliza anakuuliza nikuongeze baba. Na hatulipi hata mia, dereva aliyeleta wageni analala na kula bure.

ZabibuChungu:
Umesema bure?

Mpare Mbahili:
UMESEMA BURE?

Kibaigwa Gunia:
Samaki MZIMA? 😭 Mleta mada umekataa wali wa nazi wa bure ukaenda kulipia dola mchuzi wa brashi ili uonekane mume.

Bibi Mlenda:
Inuka sasa hivi uende jikoni useme samahani ni kweli mimi dereva.

Mtoto wa Area D:
Mie mwezi wa kumi na mbili naenda na waifu, natangulia kusema mimi ndo dereva. Lori mkuu wanahitaji kitambulisho au leseni inatosha?

Lori la Mchanga:
Kandambili zinatosha 😂

ZabibuChungu:
Nyie sio watu wazuri. Nimekuja hapa kutafuta faraja.

Mpangaji Sugu:
Faraja ya nini na mimi sijamaliza habari ya stoo. Walimdai pia hela ya kufua yale mashuka aliyolalia.

Mama wa Ipagala:
Msinikumbushe mambo ya kudaiwa. Juzi kwenye harusi, ukumbi sitaji, mchango nimetoa mzima, nafika kwenye foleni ya chakula yule kijana wa kugawa nyama ananiwekea mfupa halafu ananiambia "mama songa". Songa! Mbele ya wakwe! Nikamuuliza wewe kijana unajua kamati nilikuwa nani?

Bibi Mlenda:
Nyama za kwenye kumbi siku hizi zinakatwa na wembe. Mie nikitoka harusini napitia kwa jirani kula mlenda.

Kibaigwa Gunia:
Ndo maana nasema nyama ni Msalato Jumamosi basi, unamchagua mbuzi mwenyewe, unasimamia mwenyewe, hakuna wa kukuambia songa.

Mpare Mbahili:
Msalato na wao wamepandisha siku hizi, au ni mimi?

Mama wa Ipagala:
Ni wewe. Unaenda kununua mbuzi kwa hesabu ya mwaka jana.

ZabibuChungu:
Wakuu taarifa mpya. Nimeshuka mapokezi kulipa bili tuondoke. Kuna mstari umeandikwa "madafu 2". MAWILI. La pili sijalinywa, nimeliona tu likirudi jikoni. Nimemuuliza yule dada, akasema "samahani baba". Nimefurahi nimeitwa baba. Halafu akamgeukia mke wangu akamuuliza, "Mama, unalipa wewe au ofisi?"

Mpangaji Sugu:
Sawa. Kibaigwa, hiyo Jumamosi mnakutana saa ngapi, na kuna wa kunipitia hapa Nzuguni?

Kibaigwa Gunia:
Saa tano hivi kabla jua halijawa kali. Usafiri sina, muulize mleta mada kama atakuwa amesharudi, ana Noah.

Lori la Mchanga:
Na ni mzoefu 😂

Mama wa Ipagala:
Mie na mume wangu tutakaa nyuma. Aje na boksi la barafu la kuwekea soda kama analo.