GPS ya gari kutoka Uingereza: itazijua barabara za huku kwetu?

Dereva Moshono

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kabla ya Jumapili, maana ndiyo siku shemeji yangu atapita dukani huko Uingereza kabla hajapanda ndege.

Naendesha Toyota Noah. Kazi yangu kubwa ni wageni: kuwapokea KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), kuwapeleka hotelini Arusha au Moshi, na wale wa mlima kuwafikisha geti la Marangu au Machame. Barabara kubwa sina shida nazo. Kinachonitesa ni nyumba za wageni zinazofunguliwa kila leo Olasiti, Moshono, Njiro ya ndani na Ngaramtoni ya juu, ambako barabara ni ya vumbi, kibao hakuna, na mwenyeji anakuelekeza "ukifika kwenye mti mkubwa kata kulia".

Mwezi uliopita nilitumwa alfajiri kumchukua mama mmoja mgeni, mtu mzima. Bando likakata nikiwa katikati ya mashamba ya mahindi, ramani ikaganda, na kila nikijaribu kuifungua simu inaita. Nilizunguka dakika arobaini. Tulifika KIA wanakaribia kufunga kaunta, na yule mama mikono inamtetemeka hata pasipoti hawezi kuitoa mkobani. Mpaka leo nikikumbuka ile mikono naumia.

Shemeji amejitolea kuninunulia GPS, kile kifaa cha kuonyesha njia, ya kubandika kwenye kioo. Amenitumia picha za Garmin na TomTom, na zote zimeandikwa kwamba ramani zinasasishwa bure maisha yote. Je, hizo ramani zina Tanzania? Huo usasishaji nitaupataje nikiwa Arusha? Na redio ya Noah ina navi yake, yaani ramani ya kuonyesha njia, tangu ilipotoka Japani, inaongea Kijapani tu. Inaweza kuwekewa ramani ya huku?

Fundi Sakina

Nianze na hilo la mwisho, maana naulizwa karibu kila wiki. Navi ya gari la Japani ina ramani ya Japani peke yake, na programu yake imetengenezwa kwa ajili ya soko lile. Ndiyo maana hata FM yake ya asili inaanzia 76 na kuishia karibu na 90. Mtu akikuambia atakuwekea ramani ya Tanzania kwenye redio ileile, usimpe hela mpaka uione inafanya kazi kwa macho yako, tena gari likiwa linatembea. Na angalia usichomoe betri ovyo: baadhi ya redio za Toyota zikikosa umeme zinajifunga na kudai namba ya siri.

Ukitaka skrini ya kwenye dashibodi, toa hiyo, weka redio ya Android. Ila mwambie fundi ile antena ndogo ya GPS aibandike juu ya dashibodi, karibu na kioo. Nimefungua magari mengi nikaikuta imefungwa kwa nyuma, katikati ya vyuma, halafu mwenye gari analalamika kuwa GPS inaruka mitaa.

Mangi wa Soweto

Mkuu, nisikilize kabla shemeji hajalipa, kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi.

Kwenye duka moja nilinunua GPS iliyokwishatumika, imeandikwa hivyohivyo, ramani za maisha yote. Nikaiwasha hapa Moshi. Ilinionyesha kigari changu kikielea kwenye skrini tupu, bila barabara hata moja, utadhani nipo baharini. Ramani iliyokuwemo ni ya Ulaya. Hayo "maisha yote" maana yake ni kwamba watakusasishia bure ramani ileile iliyokuja na kifaa, kwa muda wote kifaa kitakapokuwa hai. Hawakupi ya bara jingine. Ukitaka Afrika unanunua upya, na ramani ukishaisajili inafungwa na kifaa kimoja, huwezi kuazimana na jirani.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "ni mpya?" Liwe "ina nchi gani?" Halafu asisome jina la ramani, asome orodha ya nchi. Jina linaweza kusema Afrika na Tanzania isiwemo, au iwemo barabara kuu tu.

Kijana wa Njiro

Hela ya nini hiyo kaka? Simu unayo. Pakua ramani ya Google ya Arusha na Moshi ukiwa kwenye Wi-Fi, itafanya kazi bila bando. GPS yenyewe haihitaji intaneti hata kidogo, simu inasikiliza setilaiti moja kwa moja. Kinachohitaji bando ni picha ya ramani, na hiyo ukishaihifadhi umemaliza. Kumbuka tu kuisasisha, maana ina muda wake wa kuisha.

Dereva Moshono

Asante mdogo wangu, hilo la kupakua sikulijua na leo nalifanya. Lakini simu yangu ndiyo ofisi yangu. Ofisi inapiga, mgeni anapiga, kaka wa getini anapiga, na kila ikiita ramani inafunikwa. Pia jua la saa nane, ukiiweka kwenye kioo inachemka mpaka inazima. Nataka kitu kilichotulia pale mbele chenye kazi moja tu.

Mama wa Rau

Mwanangu, mimi naendesha gari la zahanati, napanda Kibosho, Uru na Old Moshi mara tatu kwa wiki. Hata ununue kifaa gani, huku mlimani kuna jambo lazima ulijue.

Barabara zetu zinafuata migongo ya mlima, kutoka chini kwenda juu. Kati ya mgongo na mgongo kuna korongo na mto. GPS inaona nyumba unayokwenda iko kilomita mbili upande wa pili, na kama ramani yake imechora njia ya miguu kana kwamba ni barabara, itakutuma moja kwa moja. Nimeingizwa kwenye kijia cha kahawa na migomba, kulia mfereji, kushoto bonde, hakuna pa kugeuzia. Nilirudi kinyumenyume karibu nusu kilomita na mgonjwa yupo nyuma. Njia sahihi ilikuwa kushuka mpaka lami na kupanda upya mgongo wa pili. Ni ndefu, lakini ndiyo njia ya gari.

Tangu siku hiyo, kabla sijaondoa gari naitazama njia yote kwenye skrini. Nikiona mstari unakata kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine, nasimama nauliza kwanza. Ramani mpya ni nzuri kwa mjini, ila kwetu huku kikubwa ni ramani inayojua tofauti ya barabara na kijia.

Mzee wa Kisongo

Vijana, salamu. Mama wa Rau amesema kweli. Mimi nimepeleka wageni Serengeti tangu enzi ambazo tulikuwa na redio kol na macho yetu. Sizikatai GPS, ninayo. Ila ramani ya zamani inadanganya kwa utulivu sana, na mtu anaiamini kwa sababu haisiti.

Nitoe mfano. Barabara ya Babati, Kondoa hadi Dodoma, kilomita 251, lami yake ilizinduliwa Aprili 2018. GPS yangu ya zamani bado iliihesabu kuwa ya vumbi. Na mimi nilikuwa nimeiwekea "epuka barabara za vumbi". Matokeo yake nikiiambia Dodoma inataka kunizungusha Singida. Mgeni aliyekaa kiti cha mbele anaangalia skrini, ananiuliza kwa nini sifuati njia. Kwa hiyo mdogo wangu, ukiipata, ingia kwenye mipangilio na uangalie hicho kipengele. Kwa kazi za huku kizime, maana nusu ya nyumba unazokwenda ziko kwenye vumbi na kifaa kitakuzungusha bila kukwambia sababu.

Na muda wanaokuandikia usiupokee. Mto wa Mbu kwenda Engaruka mpaka Ziwa Natron, mwezi wa nne, muda unapangwa na matope.

Mchora Ramani, Tengeru

Dereva Moshono, nimesubiri wengine waseme kwanza kwa sababu jibu langu ni refu kidogo.

Mwambie shemeji achague Garmin yenye tundu la memori kadi. Sababu si jina. Ni kwamba Garmin inakubali ramani ya nje ikiwekwa kwenye kadi, na TomTom inakubali za kwake tu. Hapo zinafunguka njia mbili. Ya kwanza ni kununua ramani ya Tracks4Africa, ni watu wa Afrika Kusini, wana Tanzania, na wanajali sana barabara za mbugani, kambi, na muda halisi wa safari badala ya wa kukisia. Kwa anayekwenda mbugani kila wiki, hela yake inarudi. Ya pili ni ya bure: OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wenyewe tangu 2004, na ilianzia hukohuko Uingereza. Kuna tovuti zinazoigeuza kuwa faili la Garmin kwa nchi unayochagua.

Namna ya kuiweka: kadi iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32. Tengeneza folda iitwe Garmin, weka ndani faili liitwalo gmapsupp.img. Washa kifaa, nenda kwenye ramani zangu, ondoa tiki kwenye ile ya Ulaya, weka kwenye mpya. Wengi wanasahau hatua hii ya tiki wanadhani kadi ni mbovu. Baada ya miezi mitatu minne unapakua faili jipya, unafuta la zamani. Hakuna usajili wala malipo.

Kikitoka kwenye ndege usikijaribu ndani ya nyumba. Kiweke uwanjani, mbingu ionekane, kiache robo saa. Orodha ya mahali setilaiti zilipo inachukua dakika 12 na nusu kupokelewa yote, na kifaa kilichohamishwa bara kinaweza kuhangaika kabla ya kujipata. Watu wamerudisha vifaa vizima dukani kwa kukosa subira hiyo.

Udhaifu wake: kutafuta kwa jina la mtaa na namba ya nyumba. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 mitaa yetu ina majina na nyumba zina namba, lakini ramani nyingi hazijayameza yote. Kwa hiyo muombe mwenyeji akutumie nukta za mahali, yaani zile namba za latitudo na longitudo, kisha uzihifadhi kwenye vipendwa.

Hapa naomba usikilize vizuri, kwa sababu ndipo watu wanapopotea. Namba hizo zina namna mbili za kuandikwa. Mnara wa Saa wa Arusha kwa desimali ni karibu -3.3725, 36.6945. Kwa digrii na dakika ni S 3° 22.35', E 36° 41.67'. Mahali ni pamoja. Lakini ukichukua ile ya dakika ukaiandika kana kwamba ni desimali, -3.2235 na 36.4167, umepelekwa zaidi ya kilomita 30, kwenye milima ya Monduli. Na ukisahau ile alama ya kutoa, au ile S, umevuka ikweta. Kabla ya kuandika, angalia kifaa kimewekwa kwenye namna ipi.

Dereva Moshono

Mwalimu, asante sana. Nimemtumia shemeji ujumbe wako wote. Swali moja tu: hizo nyumba za Olasiti na Moshono ya ndani zimo kwenye hiyo ramani ya bure? Maana ndizo zilizonileta hapa.

Mchora Ramani, Tengeru

Nimeangalia sasa hivi. Olasiti ipo vizuri. Kwako Moshono kuna vipande havipo kabisa, nyumba zinaonekana kwenye picha ya setilaiti lakini njia hazijachorwa. Unaweza kuzichora wewe. Fungua akaunti kwenye OpenStreetMap, fuata barabara kwenye ile picha, weka aina yake, na hapa namjibu Mama wa Rau: kama ni kijia, andika ni kijia, ili gari la mwenzako lisiingizwe. Ndivyo vijana wa Dar walivyochora mitaa yao kwenye mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015, kwa sababu ya mafuriko. Usinakili kutoka ramani ya Google, hairuhusiwi. Chora unachokijua na kilichopo kwenye picha walizoruhusu.

Na kwa Kijana wa Njiro: Organic Maps kwenye simu inatumia ramani hiyohiyo, bila bando. Dereva iweke kama akiba, siku kadi ikigoma.

Mama wa Rau

Mwalimu, naomba unifundishe na mimi. Njia za Kibosho nazijua zote, hata zile ambazo daraja lake lilichukuliwa na maji.

Mchora Ramani, Tengeru

Mama, shikamoo. Nipo Moshi Jumamosi, njoo na hiyo orodha ya madaraja, tuanze nayo.

Dereva Moshono

Narudisha majibu baada ya wiki tano. Shemeji alileta Garmin yenye tundu la kadi. Niliiacha uwanjani, ilijipata dakika ya kumi na moja. Ramani ya Ulaya nimeitoa tiki. Mipangilio ya vumbi nimeizima kama alivyosema mzee wa Kisongo.

Nyumba alikolala yule mama nimeichora mwenyewe, na barabara yake, kutoka lami mpaka getini, na korongo linalojaa maji nimeliwekea alama. Jana nilipakua faili jipya. Leo saa kumi alfajiri nilikuwa na wageni wawili wa pale pale. Niliwasha, ikaniambia kata kushoto kabla ya mashine ya kusaga, nikakata. Saa kumi na moja na dakika ishirini tulikuwa KIA.

Mwalimu, kipande cha kuelekea mtoni bado sijakimaliza. Lile daraja la mbao, gari linapita kiangazi tu. Naliandikaje?