Pesa ya sanaa: ikiwepo Bunge linaongea mpira, ikishaliwa ndiyo linaikagua

Wakuu,

Kila Bunge la Bajeti likianza Dodoma mwezi Aprili, wasanii wanaambiwa Serikali imewakumbuka. Meza zinagongwa, Fungu 96 linapita, mwakani maneno yanarudiwa yale yale. Pesa ya mwaka jana ilitoka Hazina kiasi gani? Ilitoka lini? Iliishia kwenye kasma ipi, yaani mstari upi wa matumizi kwenye bajeti? Hayo hayaulizwi, na yakiulizwa hayasubiriwi majibu. Inakera, na inakera zaidi kwa sababu nyenzo zote za kuuliza Bunge inazo.

Fungu 96 ndilo la wizara iliyobeba utamaduni, sanaa na michezo. Mjadala wake ni wa muda mfupi, na kila mbunge anayepata nafasi ana dakika chache. Fungueni Hansard (kumbukumbu rasmi za Bunge) za siku hizo msome dakika hizo zinaishia wapi: Simba, Yanga, waamuzi, Taifa Stars, viwanja. Mpira uongelewe, una haki yake. Lakini mbunge anayemaliza dakika zake kwenye usajili wa klabu ambayo mishahara yake hailipwi na Fungu 96 amewanyima wananchi muda wa kuhoji shilingi iliyo ndani ya Fungu 96. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, wanapita bila kuguswa. Bodi ya Filamu, TaSUBa (chuo cha sanaa cha Bagamoyo), Ofisi ya Hakimiliki na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao wanapita hivyo hivyo.

Kisha Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi. Hapo ndipo mbunge ana meno. Kwenye mshahara wa waziri anaweza kudai ufafanuzi wa kisera, asiporidhika anashika shilingi, yaani anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo, na hoja inajadiliwa. Shida ni kwamba wanaopata nafasi hiyo ni wachache, wengi wanashika shilingi kwa uwanja wa jimboni, wanaahidiwa, wanairudisha. Ikifika zamu ya kupitia kifungu kimoja kimoja, ambako kasma za sanaa zinaonekana kwa namba, muda umekwisha na gilotini inapitishwa. Vifungu vyote vinapita kwa mkupuo. Kitabu cha pili cha makadirio kina kasma ya posho za safari, ya mafuta, ya kukodi ukumbi, ya ruzuku kwa taasisi, kila moja na tarakimu yake, na hakuna mbunge aliyeweka kidole kwenye hata mojawapo.

Halafu kuna hii ya asilimia, na hapa ndipo tunapodanganyika wote. Hotuba inasema hadi tarehe fulani wizara imepokea asilimia kadhaa ya bajeti, watu wanaona si haba. Chukueni mfano wa hesabu tu: wizara imepangiwa bilioni 30, yaani bilioni 10 za mishahara, 12 za matumizi mengineyo (uendeshaji wa kila siku), 8 za miradi ya maendeleo. Mwisho wa mwaka imepokea mishahara yote 10, matumizi mengineyo 9, maendeleo 1. Jumla 20 kwa 30, asilimia 67. Kwenye hotuba inasikika vizuri. Ila miradi imepata asilimia 12.5. Mshahara lazima utoke, kwa hiyo ndio unaoinua wastani na kuficha shimo. Kamati ya Bunge inayoisimamia wizara isikubali asilimia ya jumla hata siku moja. Idai tatu tofauti, na ile ya maendeleo ipasuliwe tena: michezo peke yake, sanaa na utamaduni peke yake. Miaka hii ya maandalizi ya AFCON 2027, mradi wa uwanja wa Arusha wa watu 30,000 ukipokea pesa zake, safu ya maendeleo ya wizara nzima inang'aa hata kama upande wa sanaa haukupokea senti.

Tarehe nazo mzitazame. Kamati zinapitia makadirio mwezi Machi, zikiwa na taarifa ya utekelezaji inayoishia karibu na Februari. Miezi minne ya mwisho haimo. Na fedha za matumizi mengineyo zikiachiwa na Hazina miezi hiyo zinatumika kwa haraka, kwa sababu tarehe 30 Juni ambacho hakijatumika kinarudi Mfuko Mkuu wa Hazina. Taasisi ikipokea pesa Juni haina muda wa kushindanisha wazabuni wala kuanzisha mafunzo ya wasanii. Inafanya kinachotumika haraka: semina, safari, tamasha. Jukwaa, mahema, spika, taa, mabasi, posho za kujikimu za maafisa. Kinachobaki ndicho kinakwenda kwa kikundi cha ngoma kilichopanda jukwaani. Swali la kuuliza ni rahisi: kati ya kila shilingi 100 ya tamasha, ngapi zimelipwa kama malipo ya msanii? Jibu liko kwenye mfumo wa malipo wa Serikali, MUSE, ambako kila malipo yana msimbo wake.

Mtaniambia CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yupo. Yupo, na kazi yake ni nzuri, lakini fuateni kalenda. Shilingi iliyotoka Julai 2021 ni ya mwaka wa fedha 2021/22 uliofungwa 30 Juni 2022. Ripoti ilikwenda kwa Rais mwisho wa Machi 2023, ikawekwa mezani Bungeni Aprili 2023, na mjadala wa taarifa ya PAC (Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali) ukafanyika Novemba 2023. Miezi 28! Katikati hapo bajeti mbili nyingine zilishapitishwa kwa wizara ile ile bila Bunge kujadili hoja za ukaguzi za mwaka ule. Afisa Masuuli, yaani mtendaji anayewajibika kwa fedha za taasisi, aliyesaini anaweza kuwa ameshahamishwa, na anayeitwa mbele ya kamati anasema alikuta hali hiyo. Katiba ibara ya 143 inataka ripoti ifike Bungeni mapema, na inafika. Aprili wabunge wanayo mkononi wakati huo huo wanapopitisha makadirio ya taasisi zilizotajwa humo. Kujadili kwa urefu kunaweza kusubiri Novemba, sawa. Ila mbunge kushika shilingi Mei kwa hoja ya ukaguzi iliyo wazi kunasubiri nini?

Na msikubali kuzimwa na neno "hati inayoridhisha". Hati hiyo inasema vitabu vya hesabu vimeandaliwa kwa viwango na vinaonyesha hali halisi ya fedha. Haisemi kwamba pesa imesaidia sanaa. Taasisi inaweza kutumia kila senti kwenye semina, ikaweka stakabadhi zote, ikapata hati safi kabisa. Kinachopima kama lengo limefikiwa ni ukaguzi wa ufanisi, na Sheria ya Ukaguzi wa Umma inampa CAG uwezo wa kuufanya. Kamati iupendekeze kwa maandishi kwa eneo la sanaa, badala ya waziri kupongezwa kwa hati.

Sasa makapu matatu ya pesa ya wasanii: ruzuku, mikopo na mirabaha. Hili linaudhi kuliko yote. Mbunge akiuliza ruzuku, anajibiwa mikopo. Akiuliza mikopo, anajibiwa mirabaha. Anakaa chini akishukuru. Ni pesa tatu ambazo hazifanani.

Mirabaha ni mali ya mwenye kazi. Redio imepiga wimbo, inalipa, mwenye wimbo anapewa. Serikali ikigawa mirabaha haijatoa msaada wowote, imefikisha deni, kwa hiyo haina nafasi kwenye hesabu ya "tumewawezesha wasanii". Jambo la Bunge hapo ni jingine: Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodi na kunakili kazi. Imekusanywa kiasi gani kila robo mwaka, imehamishwa lini kutoka kwa mkusanyaji kwenda kwa wanaostahili, na kiasi gani bado kimekaa njiani? Hizo ni namba tatu ambazo zinaingia kwenye ukurasa mmoja.

Mikopo ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa ni pesa ya umma inayopaswa kurudi ikopeshwe tena. Kutangaza jumla iliyokopeshwa na idadi ya wanufaika hakutuambii kama Mfuko uko hai. Kamati idai marejesho: kiasi gani kimechelewa zaidi ya siku 90, kiasi gani kimekatiwa tamaa. Idai mgawanyo kwa mkoa na kwa aina ya sanaa, na idadi ya walioomba wakakataliwa pamoja na sababu. Mkopo ukipita benki, benki inataka dhamana na mzunguko wa akaunti. Mwenye studio na mtayarishaji wa filamu anavyo. Mchongaji wa vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, anauza kwa fedha taslimu, kikundi cha ngoma hakina hati ya kiwanja, wote wawili wanaachwa nje kabla fomu haijasomwa. Kama ndivyo sharti lilivyo, Bunge lijue pesa inawafikia nani.

Ruzuku ndiyo imepotea kabisa kwenye mazungumzo. Kuna kazi ambazo hazirudishi pesa ndani ya miezi 24: kuhifadhi rekodi za zamani, kufundisha vijana kupiga zeze, utafiti wa ngoma za kabila moja, mazoezi ya tamthilia kabla ya onyesho. Huwezi kuzikopesha. Mbunge hawezi kuongeza kasma mwenyewe, ibara ya 99 inaacha mapendekezo ya matumizi mikononi mwa Serikali, lakini Kamati ya Bajeti hukaa na Serikali kila mwaka kurekebisha kabla ya kura ya mwisho. Hapo ndipo pa kuidai.

NYONGEZA, kwa mliouliza kwenye michango:

Aliyesema maafisa utamaduni wa halmashauri wako wizarani, hapana mkuu. Wako chini ya halmashauri, na matumizi ya kitengo chao yanatoka huko. Kamati inayoangalia Fungu 96 haiwaoni. Anayewaona ni LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, yenye halmashauri 184, ambako kitengo cha utamaduni kinamezwa na barabara, zahanati na madarasa. Kwa hiyo muulize diwani wako kwenye kikao cha bajeti: kitengo kimepangiwa kiasi gani na kimepokea kiasi gani. Tofauti ya hizo mbili itakushtua.

Aliyesema kamati ya kisekta inatosha kuisimamia sanaa: marekebisho ya Kanuni za Bunge ya 2023 yaliweka sanaa kwenye Kamati ya Elimu, Utamaduni na Michezo. Elimu ina vyuo vikuu, mikopo ya wanafunzi na mitaala. Sanaa ikisimama kwenye foleni hiyo inapata dakika za mwisho. Kamati yenyewe inaweza kuunda kikundi kidogo cha wajumbe wanne au watano wapitie taasisi za sanaa moja moja kabla ya Machi.

Kwa viongozi wa mashirikisho ya muziki, filamu, sanaa za ufundi na sanaa za maonyesho: acheni kwenda Dodoma kupiga picha viwanja vya Bunge. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inatoa siku 30 kwa ofisi ya umma kujibu. Barua iingie mapokezi mwanzoni mwa Januari, muhuri upigwe kwenye nakala yenu, na muombe vitu vinavyotajika: fedha zilizotolewa kwa kila kasma ya sanaa mwezi kwa mwezi, orodha ya mikopo iliyochelewa kwa mkoa bila majina ya wakopaji, na kiasi cha tozo kilichohamishwa. Februari jibu liko mkononi au hamna jibu, na vyote viwili vinampa mjumbe wa kamati kitu cha kushika. Muswada wa Sheria ya Fedha ukifika Juni, Kamati ya Bajeti hupokea maoni ya wadau. Nendeni na karatasi hiyo hiyo, wajumbe wote wapewe nakala siku moja kabla.