Tupeane uzoefu: akina baba mliouguza watoto wodini

Habari za jioni wakuu. Hapa Mwanza mtoto akilazwa, mama ndiye anabaki wodini. Baba anaonekana saa ya kuona wagonjwa, kashika chupa ya uji, kisha huyoo anarudi kwenye mihangaiko. Binti yangu ana selimundu, na safari hii mama yake alikuwa ndiyo kwanza katoka kujifungua, nikabaki mimi. Usiku miguu ilipomuuma nilimkanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na kumnywesha maji kidogo kidogo, maana mwili ukikaukiwa, zile chembe za damu zenye umbo la mundu hukwama kwenye mishipa na maumivu yanazidi. Asubuhi daktari akipita raundi ananiuliza mimi: homa ilipanda saa ngapi, amekojoa? Najibu yote. Sasa hata kliniki nampeleka mimi. Akina baba wenzangu, kwenu ilikuwaje? Akina mama nanyi semeni.

Mama wa Igoma: Mapacha wangu walizaliwa njiti. Mmoja kifuani kwangu, mwingine kwa baba yao, ngozi kwa ngozi, kitenge juu. Mama mkwe alishangaa, mwanamume na kichanga wapi na wapi! Nesi akamwambia kifua cha baba nacho kina joto. Namshukuru mume wangu mpaka leo.

Mvuvi, Ukerewe: Wangu aliishiwa damu kwa malaria, tukapewa rufaa hospitali ya Bugando, Mwanza. Nilitoa damu. Wengi hudhani inaingia moja kwa moja kwa mwanao, la, inapimwa kwanza. Anawekewa iliyo tayari. Wenzangu ziwani waliniangalizia mtumbwi, Mungu awabariki.

Sengerema: Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, sihangaiki na kivuko. Natoka kazini, nakesha na mtoto, mama anaenda kupumzika kwa dada yake.

Baba mjane: Hospitali moja walinitoa wodini usiku, eti akina mama wananyonyesha. Faragha yao naiheshimu kabisa. Lakini mwanangu hana mama! Nililala kwenye benchi nje, namsikia akilia. Pazia tu lingetosha.

Mleta mada: Pole sana ndugu yangu, imeniuma. Hilo la pazia mwandikie mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, barua yenye jina na sahihi yako. Nami naandika ya kwangu kesho.